Siku Nilitosha Koni za Mado

Mujikulu wangu Mado, mutoto wa mutoto wangu, anasoma kazi ya kufundisha michezo ku enstiti, shule kubwa ya hapa Likasi. Miye kambo yake, mwenye niliacha masomo mu shule ya primere, nilimuchekaka sana: mwanamuke atafundisha timu? Leo sicheki tena.

Siku ya egzame yake, mutihani wa mwisho wa kazi ile, nilifika ku kiwanja wa kwanza, wengine hawajafika. Nikakuta koni za plastiki, nyekundu na za manjano, zimepangwa mu majani mpaka karibu na goli. Zamani, wakati nilicheza mu timu ya ba-fonderi, wenye kuyeyusha madini, na jezi yetu ilikuwa nzuri, lakini tuache hiyo, adui walizoea kututegea dawa mu goli. Nikasema: mutoto wangu wanamuloga! Nikakusanya zote chini ya koti, moja nikaiweka ku kichwa, nikaifunika na kofia, nikikemea kwa jina la Yesu.

Mado akafika na maprofesa na vijana wa timu. "Nani alitosha koni zangu mu kiwanja? Bila zile nitaanguka egzame!"

Kumbe zilikuwa za egzame! Haya ikanishika, nikakaza koti.

Lakini Mado hakulia. Akapiga filimbi: "Vueni viatu, vijana! Viatu vyenu njo alama zetu, pahali pa koni." Wakavipanga, wakakimbia katikati ya viatu pekupeku, anawaongoza kama mwenye kuzaliwa na filimbi. Maprofesa wakamupigia makofi. Nami nikaruka kupiga yangu, furaha ikanisahaulisha koti, koni zikaanguka zote mbele ya watu.

Mado akaniangalia kichwani.

"Kambo," akasema polepole, "na ile ya mu kofia pia."