Vidole vya Dafroza Mfinyanzi

Dafroza wa Nyakisasa alianza kufinyanga vyungu akiwa na miaka kumi, akimfuata mama yake bondeni kuchimba udongo. Sasa ana miaka hamsini na minane, amezika mume, ameoza mabinti watatu, na udongo bado haujamtupa. Zamani alizunguka na vyungu kichwani, mnada hadi mnada. Siku hizi wateja humpigia simu, naye hupakia mzigo kwenye basi la Biharamulo. Kila chungu, kabla hajakichoma, hukichora kitakoni namba yake ya simu kwa ncha ya msumari.

Mwezi wa tatu simu ilimponyoka ikatumbukia kisimani, na laini ikaenda nayo. Alinunua simu nyingine, akamfuata Avelina, wakala wa laini pale sokoni, ili arudishiwe namba yake ileile.

"Shikamoo mama. Weka kidole hapa."

"Marahaba, mwanangu."

Kimashine kikawaka taa nyekundu. Avelina akamfuta kidole kwa kitambaa, wakajaribu kingine, na kingine, hadi vyote kumi vikaisha.

"Kinasemaje?"

"Kinasema alama zako hazilingani na zile za kitambulisho cha taifa."

"Yaani mimi si mimi?"

Avelina alimshika mkono akautazama. Ncha za vidole zilikuwa laini, hazina hata mstari. "Udongo umezila alama zako, mama. Binti yako hawezi kukusajilia namba nyingine kwa jina lake?"

"Na ile iliyo kwenye vyungu vya watu, nani ataifuta? Tena kazi ni yangu. Kwa nini iitwe ya mwingine?"

Avelina akafikiri kidogo. "Ngozi huota. Acha udongo mwezi mzima, jipake mafuta kila siku, kisha urudi tujaribu."

Basi Dafroza akakaa. Wifi yake, Tecla, alimfulia, akamwoshea vyombo, akamlimia maharage.

"Tangu uje kwetu sijawahi kukuona umeketi mchana," Tecla alimtania. "Leo umekuwa bibi harusi!"

Dafroza alicheka, lakini wiki ya tatu uvumilivu ulimwishia. Aliteremka bondeni peke yake, akasimama mbele ya shimo la udongo, mikono ameificha mgongoni. Alisimama pale kitambo, akinusa ule ubichi wake. Kisha akapanda kurudi nyumbani.

Wiki ya tano alirudi sokoni. Gumba likakataa. Cha shahada kikakataa. Ilipofika zamu ya kidole cha pete cha kushoto, taa ikawaka kijani, na Avelina akapiga vigelegele hadi wauza ndizi wakageuka.

Hata hajafika nyumbani, simu ikaita. Alikuwa Fideli, mpishi wa shule moja ya Runazi.

"Mama, tulidhani umefariki!"

"Nipo hai, baba. Serikali imethibitisha leo asubuhi. Unataka vyungu vingapi?"

Alitaka sita. Kesho yake Dafroza alikanda udongo, kidole cha pete amekifunga kitambaa na kukivalisha kipande cha mpira. Kidole hicho kilimsumbua, kikachimba mashimo pasipotakiwa, na chungu cha kwanza kilipasuka motoni. Alivitupa vigae kando ya ua, akateka maji, akaanza upya.