Mume wangu alivyoacha kutoka jasho akipuliza salfa

Habari za mihangaiko wakuu. Haya yamenikuta mwenyewe shambani kwetu Marambo, Nachingwea, sijaongeza chumvi.

Mume wangu anapuliza salfa, ile dawa ya unga ya ukungu, kwenye mikorosho. Wanaoijua wanajua, ikikutana na jasho ngozi inawaka balaa.

Msimu uliopita akaja na ujanja wake. Koti la mvua la plastiki, suruali ya plastiki pia, kofia juu, kafunga mpaka shingoni. Nikamcheka, "Baba Zuhura, unaenda mwezini?"

Kawaida tunapuliza alfajiri, majani yakiwa na umande. Siku hiyo mashine ikasumbua, tukaanza jua limeshapanda. Akasema lazima tumalize.

Mchana namwangalia usoni, mkavu! Na mwanzoni alikuwa analowa jasho. Mdogo wake tuliyekuwa naye akasema, "Shem, huyo kashazoea."

Kuzoea gani! Mara akaanza kuongea pumba, ananidhani mama yake mzazi, akadondoka. Nikamgusa, wallah anaungua.

Shemeji akakimbilia maziwa, eti kaka yake kala salfa. Nikamkatalia, mtu hajitambui unamnyweshaje? Nikachukua kisu nikachana lile koti, nikavuta dumu la maji. Shemeji akanishika mkono.

"Shem, maji ya baridi yatamuua!"

"Akifa nitajibu mimi. Niachie!"

Nikammwagia kichwani, kwapani, mapajani, huku nampepea na khanga. Nalia, namwagia. Shemeji alipoona siachi, akaenda kutafuta bajaji. Njia nzima hadi hospitali nilikuwa namlowanisha.

Daktari akanielewesha. Mwili una kiwango chake cha joto, na likizidi unajipoza kwa jasho linalokauka juu ya ngozi. Ndani ya plastiki jasho halikauki. Mwili ukahangaika weee mpaka ukashindwa, hata jasho likakata. Akasema bila yale maji tungefika na maiti. Nikakaa chini palepale.

Wakuu, kujikinga na salfa ni lazima, sibishi. Ila vaa shati la pamba la mikono mirefu, barakoa na miwani, na uanze mapema. Siku hizi jua likiwa kali nazima mashine mwenyewe. Akinuna anune, namtaka akiwa hai.

Nyie wa Ruangwa, Chinongwe huko, mnavaa nini mkipuliza? Shusheni maoni, hata mkitaka kunitukana sawa. Ila anayepuliza na koti la mvua leo, avue kwanza ndiyo aje kubishana.