Tambi za Kuloweka

Juzi gesi ilituishia saa kumi na moja jioni, futari bado haijakaa sawa. Binti yangu hakushtuka. Alichukua simu, akasoma kidogo, akanigeukia. “Mama, kumbe tambi mtu anaweza kuziloweka tu zikalainika, si lazima azichemshe. Tujaribu?”

Nilimnyang'anya pakiti kama mwendawazimu. Nikamwambia akaazime jiko la mkaa kwa jirani, nami nikatoka nje, nikakaa barazani mpaka aliporudi nalo. Yeye sikumweleza kitu. Nitakueleza wewe.

Wakati ule tulikuwa tumehamishiwa kijijini, kule chini karibu na Ruvuma inapoingia baharini. Watu wa umri wangu tukisema “kijijini” tuna maana hiyo: kijiji cha ujamaa kilichopimwa kwa kamba, nyumba zimejipanga mstari kama wanafunzi asubuhi. Tulipata shule, tukapata kisima cha pampu, sibezi. Ila miti ya karibu tuliimaliza mwaka wa kwanza, kwa kujengea na kupikia, na tangu hapo kuni zilikuwa mahameni, kule tulikohama, mwendo wa saa nzima kwa miguu ya mtoto. Nilikuwa nayaogopa mahame yetu. Nyumba ilikuwa imebaki nusu ukuta, na korosho zilidondoka mle ndani zisiwe na wa kuziokota.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilikaa na bibi mzaa baba, pamoja na mdogo wangu wa kike wa miaka minne. Baba alikuwa kuli bandarini Mtwara. Gunia lilikuwa limemwangukia mguuni, mama akaenda Magomeni, hukohuko Mtwara, kumuuguza. Bibi alikuwa na maneno huyo! Aliniita mke mwenzangu. Nikijifunga kanga vizuri tu, ananituhumu nataka kumpora mume, na babu mwenyewe alikuwa kaburini siku nyingi. Nilimpenda kuliko mtu yeyote, na nasema hivyo nikijua nilichomfanyia.

Hakuna aliyemshinda bibi kwa muhogo mchungu. Alikuwa akiumenya, anaukatakata, anautosa kwenye mtungi wa maji nyuma ya nyumba siku tatu au nne, mpaka ukibonyeza kwa kidole unabonyea. Maji mapya hayana nguvu, alikuwa akisema, kwa hiyo kila mara alibakiza kata moja ya maji ya zamani akayachanganya na mapya. Pua yangu ilikuwa imeizoea harufu yake kali. Mimi mtoto nikaelewa kwamba maji ndiyo yanayofanya kazi, na kwamba maji yakipewa muda huivisha chochote.

Basi ikaingia Ramadhani, miezi ya jua kali, mabibo ya mikorosho yameanza kuiva na kijiji kizima kinanukia utamu uliochacha. Mama akatuma pakiti ya tambi kwa utingo wa lori, kutoka duka la Mhindi kule Mikindani. Siku hizo sukari yenyewe tuliipata kwa mgao. Tambi zilikuwa sherehe. Mdogo wangu aliilalia ile pakiti usiku mzima, akaamka ina mikunjo.

Asubuhi bibi alikuwa anakwenda shamba la kijiji, maana saumu haikumpa mtu ruhusa ya kukosa zamu. “Mke mwenzangu,” akaniambia, “muhogo wa futari tutaletewa na jirani. Wewe kazi yako tambi tu. Ukatafute kuni, uzichemshe vizuri, nazi ile pale.”

Sikwenda. Nilianza na mchezo mmoja wa rede, ukazaa wa pili. Jua lilipopanda nikafikiria ile njia ya mahameni, ule ukuta nusu, nikapata akili ambayo mpaka leo naiona ilivyoniangazia. Nilizivunja tambi kwenye bakuli la bati, nikamimina maji ya kisima, nikachota kata moja kutoka mtungi wa muhogo ili yapate nguvu. Nikafunika kwa ungo, nikaweka juani. Alasiri nikabonyeza kwa kidole. Zilibonyea. Nilifurahi mno! Nikamwaga maji, nikasuuza mara moja, nikatia tui, sukari yote tuliyokuwa nayo na iliki.

Nilichosahau ni kwamba muhogo wa bibi ukitoka majini ulipita kwenye jua siku nyingi, na baada ya jua ukapita kwenye moto. Niliuona moto ule kila siku. Sijui kwa nini sikuuhesabu.

Magharibi bibi alifuturu kwa muhogo wa jirani, kisha akaonja tambi. Akasita. “Mbona kama zina ukali? Umechemsha?”

“Nimechemsha, bibi.”

Akala vijiko viwili, akasema meno yake yamechoka. Mimi nilikula kiasi. Mdogo wangu alikula zake, akala za bibi, akamalizia kwa kulamba bakuli, na sisi tukamcheka.

Alfajiri nilitapika, nikapata nafuu. Yeye alitapika na kuharisha mpaka akaishiwa nguvu za kulia. Bibi alikimbilia jikoni kumchemshia maji, na mimi nilikuwa nyuma yake. Kuku alikuwa amelala katikati ya mafiga, juu ya majivu ya baridi, hakuna kaa jipya hata moja. Bibi akamtazama yule kuku, akanitazama mimi, akamfukuza kuku. Walimchukua mdogo wangu kwa machela kwenda zahanati, wakarudi kabla ya adhuhuri. Hawakuwa wamefika.

Mama alifika kesho yake juu ya lori la magunia. Aliuliza mtoto alikula nini, mbele ya wanawake wa msibani, na mimi katikati yao. Nikafungua mdomo. Bibi akaniwahi.

“Tambi nilipika mie, mkwe wangu. Sikuzipika vizuri. Nisamehe.”

Mama hakumsamehe. Alinichukua tukaondoka wiki ileile, na hakukanyaga tena kijijini. Bibi alikuwa akituletea makopa ya muhogo kila mavuno, mama anawapa kuku. Bibi alipofariki nilikuwa na miaka kumi na minne, mdomo ninao, akili ninayo. Mama alikataa kwenda kuzika. Nikakaa naye nyumbani, nikamsaidia kufua.

Ukubwani nilimuuliza tabibu mmoja, nikisingizia habari za mtu mwingine. Alisema maji yanalainisha tu, hayaui kitu, na chakula kibichi kikishinda majini kwenye joto huwa hatari, sembuse kutiwa maji yaliyolowekwa muhogo mchungu. Akaongeza kwamba watoto wengi walikufa kwa kuhara miaka ile, hakuna anayeweza kuapa. Alidhani ananifariji.

Kijiji chenyewe hakipo. Watu walirudi mahameni mmoja mmoja, wengine wakaja mjini, na ile mistari ya nyumba sasa ni mikorosho ya mtu nisiyemjua. Mwaka juzi nilikwenda kutafuta kaburi la mdogo wangu, nikazunguka mpaka jua likanichosha, nisilione. La bibi nilionyeshwa. Nilisimama pale, nikashindwa hata kusalimia. Hakuna tena mtu duniani anayeniita mke mwenzangu.

Mama bado yu hai. Ninaye hapa nyumbani, chumba cha uani, macho yamefifia lakini kumbukumbu haijamtupa. Usiku ule wa juzi tuliswali pamoja, yeye mbele kwenye kiti chake, mimi nyuma. Alipomaliza aliinua mikono kama anavyofanya kila Ramadhani, akawaombea wafu wake kwa majina, akamwombea baba, akamwombea mtoto wake mdogo. Halafu sauti ikabadilika.

“Na aliyeniulia mwanangu, ewe Mola, mlipe kwa alichokitenda.”

Nikaitikia amina.