Upele Ambao Haukuwa Upele

Nakumbuka asubuhi moja pale kijijini Ndabibi, mwanangu. Nilikuwa nampeleka mbwa wetu Tomi kwa daktari wa mifugo, na majibu nilikuwa nayo tayari. Kijana hajui kwamba hajui.

Tomi ndiye aliyelinda kondoo tulioachiwa na marehemu baba. Kwa miezi mitatu alikuwa amejaa mabaka mekundu yenye magamba. Pua yake nyeusi ikabadilika rangi, midomo ikachubuka. Nikasema ni upele. Kila Jumamosi nilimwosha kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, nikiikoleza kila alipozidi kujikuna.

Daktari alikuwa mama wa makamo, asiyependa maneno mengi. Alikwangua ngozi kidogo, akaitazama kwa hadubini.

"Sioni mdudu wa upele hata mmoja," akasema. "Nani alikuambia huu ni upele?"

"Hakuna mtu, daktari. Niliona tu."

Akamdunga Tomi sindano ya ganzi, akakata vipande vidogo vya ngozi vipelekwe maabara Nairobi. Majibu yaliporudi akaniita, akaniketisha. Ilikuwa saratani. Chembe nyeupe za damu zilikuwa zimeharibika na kuvamia ngozi.

"Na ile dawa yako," akaongeza polepole, "ulikuwa unaimwaga kwenye kidonda."

Mwanangu, kila Jumamosi nilimwita Tomi aje aungue, na kila Jumamosi alikuja, akitikisa mkia.

Daktari hakunidanganya. Alisema ugonjwa ule ni nadra kupona, ila hutulizwa. Akatupatia vidonge vya saratani, akaniambia nivishike kwa glavu, na kabla ya kila dozi alimpima damu. Mabaka yakafifia, Tomi akalala bila kujikuna. Tulipata miezi mitano. Ugonjwa uliporudi kwa nguvu, daktari alikuja nyumbani akamlaza Tomi usingizi wa mwisho kwa sindano, kichwa cha mbwa wangu kikiwa mapajani pangu.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nami nakuambia, kutibu usichokijua ni ukatili, hata ukitibu kwa upendo. Ukiona kidonda kisichopona kwa mnyama wako, au kwa mtu wako, usikisie. Mpeleke apimwe, na umpeleke mapema. Anayekuamini anaweza kuvumilia maumivu unayompa, wala usijue.

Mungu akujalie mkono mpole na ulimi usioona haya kuuliza, na kila kiumbe kinachokutegemea kipate nafuu kwako.