Maneno ya Nabwile

Phelista alikuwa fundi wa nguo pale Kitale, na kila mtu alijua kwamba hawezi kungoja. Ukimpelekea kitambaa cha sare asubuhi, saa saba mtoto ameshaivaa. Mahubiri yakivuka nusu saa, anaanza kufunga mkoba. Na mwanamke huyo huyo, Mungu naye ana utani wake, ndiye aliyejipa kazi ya kuwafundisha wanawe subira. Kila jioni yeye na mumewe Hesbon, mwalimu wa shule ya msingi, waliwaketisha watoto kwa ibada, kila mmoja akakariri mstari wake wa wiki. Phelista alitaka mistari ya uvumilivu tu, na aliitaka upesi.

Bramwel, kifungua mimba, aliimwaga mistari kama mahindi kwenye debe. Shida ilikuwa kwa Nabwile, msichana wa miaka kumi, aliyekuwa na kigugumizi. Neno likianza na b, midomo ilishikana, macho yakamtoka, nyumba nzima ikangoja. Ilingoja kidogo tu, kwa sababu mama yake alilidaka neno lile akalisema yeye, kisha lililofuata, na mara nyingi mpaka mwisho. Alifanya hivyo kwa upendo, hilo sina shaka nalo. Hakuweza kustahimili kumwona mtoto wake akihangaika. Hata alimtafutia mistari mifupi mifupi, Nabwile akawa mtoto wa maneno manne.

Kwenye ushonaji Phelista alikuwa mtu mwingine kabisa. Likizo ya Aprili mwaka 2004 alimfundisha Nabwile kushona matundu ya vifungo kwa mkono. Mtoto akiharibu, hakumsaidia. Alimwambia afumue, arudie, kisha akageukia cherehani yake. Tundu moja lilifumuliwa mara saba. Mara ya nane likakaa sawasawa, na Phelista akalionyesha kila mteja aliyeingia.

Mwezi wa Julai Nabwile alirudi kutoka shule ya Jumapili na habari. Agosti watoto wa makanisa mbalimbali wangekutana Bungoma, na yeye alikuwa amemwomba mwalimu wao, Dinah, amwachie akariri zaburi mbele ya watu. Zaburi nzima. Phelista aliliona kanisa limejaa, mtoto amekwama, wenzake wanamcheka, na kinywa chake kinafungwa mbele za watu maisha yake yote. Alijitanda leso aende kwa Dinah akamwombe alifute lile jina.

Hesbon, aliyekuwa akisahihisha madaftari, alimwuliza kama ameongea na mwenye zaburi. Hapo Nabwile akasema mwenyewe, akikwama na kujinasua:

"Mama, nikiharibu tundu la kifungo hunishonei. Unaniambia nifumue, nirudie. Sasa mbona maneno unanimaliziaga?"

Phelista aliivua leso, akaingia jikoni akalia, kwa maana aliona kwamba miaka yote ile alikuwa akimpokonya mtoto kinywa chake.

Kwa wiki tano Nabwile alifanya mazoezi na mama yake akajifunza kungoja. Alikuwa mwanafunzi mbaya kweli. Alijiziba mdomo kwa kiganja, akakalia mikono, siku moja akatoka nje akaizunguka nyumba mara mbili. Mara mbili alishindwa, neno likamponyoka. Nabwile hakulalamika, alirudi mstari wa kwanza akaanza upya. Kigugumizi chenyewe hakikwenda popote.

Bungoma kanisa lilijaa hadi madirishani. Phelista aliketi safu ya tatu. Nabwile alisimama mbele na gauni lake la samawati, akaanza vizuri. Mstari wa nne akakutana na b. Midomo ikashikana. Watoto wa nyuma wakaanza kuchekacheka. Dinah, mama wa watu mwenye huruma, aliinuka nusu kitini ili amtilie neno. Phelista alikuwa ameshasimama.

"Mwache, mwalimu," alisema. "Hayo maneno ni yake. Sisi tutangoja."

Akaketi, uso ukimwaka kwa haya. Wakangoja. Mtu alikohoa, kichanga kikalia kikatolewa nje, na bado wakangoja. Kisha neno likatoka, zima, na mengine yakalifuata. Alikwama mara tatu tena kabla hajafika mwisho, lakini hakuna aliyecheka. Watu walipopiga makofi, Phelista hakupiga. Alikuwa akilia waziwazi kwa furaha, na machozi hayo hakuyafuta.

Waliporudi Kitale, asubuhi Hesbon aliuliza nani ataombea uji. Hiyo ilikuwa kazi ya Bramwel, kwa kuwa alimaliza haraka. Nabwile akainua mkono. Aliombea uji na mikono iliyoupika, akamwombea kukhu, nyanya yake wa Bumula, na magoti yake mabovu, akawaombea wateja wa mama mmoja mmoja. Kwenye jina la baba Bwire alikwama muda mrefu. Phelista alifumba macho akatulia, na safari hii hakulazimika kujiziba mdomo. Uji ulipoa ukafanya utando juu, na Nabwile mwenyewe ndiye aliyesema amina.