Somo Lisilo na Mtihani

Shule yangu ya kwanza ilikuwa karibu na Mikinduri. Niliwaambia watoto wa darasa la tano wachore nyumbani kwao, na wote wakachora nyumba ile ile: paa la pembetatu, madirisha mawili, jua kwenye kona. Mwalimu aliyenitangulia alikuwa akiichora ubaoni, nao wakipewa alama kwa kuiiga.

Nikafuta ubao. "Leo choreni jikoni kwenu," nikasema. "Kila mtu achore kwao."

Msichana mmoja wa dawati la nyuma alichukua kipande cha mkaa, akapaka karatasi yote ikawa nyeusi. Wenzake wakacheka.

"Hii ni nini?" nikamuuliza.

"Ni jikoni, mwalimu. Asubuhi, mama akiwa hajafungua mlango."

Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi. Nikairudisha mfukoni. Niliyofundishwa chuoni kuhusu ubunifu nimeyasahau karibu yote, ila jibu lile lilinifundisha kuuliza kwanza, kisha kungoja.

Baadaye nilihamia Embu na mume wangu, fundi wa umeme, tukapanga nyumba mtaa wa Majimbo, nami nikapata kazi katika shule ya hapo karibu. Alikufa ghafla, akiwa kazini. Tulimzika kwao Nkubu, mvua ikinyesha. Shangazi zake waliniambia nilie, nitoe uchungu. Machozi hayakuja. Mazishi yalipokwisha nilirudi darasani, kwa kuwa sikujua pengine pa kwenda.

Siku hiyo tulikuwa na ufinyanzi. Niliwagawia watoto udongo, nikaketi. Msichana mmoja aliinuka, akaja kuweka donge la udongo mbele yangu.

"Mwalimu, wewe pia finyanga."

"Nifinyange nini?"

"Chochote tu."

Nikalishika. Halikuwa chungu, halikuwa ng'ombe. Vidole vililibonyeza na kuliviringisha, lakini mimi sikuwepo. Kengele ilipolia, hakuna aliyeniuliza nimetengeneza nini. Walinawa mikono, wakatoka.

Tangu hapo sikumharakisha tena mtoto aliyekaa na udongo bila kutengeneza kitu. Mkaguzi mmoja alimwona mtoto kama huyo, akaniita kando.

"Huyu amefanya nini kipindi kizima?"

"Ameshika udongo."

Akanitazama, akaandika maneno yake, akaenda.

Kisha sanaa ikaondolewa kwenye mtihani wa taifa. Mwalimu mkuu hakunizungusha. "Mwalimu, chumba chako tutakitumia kwa marudio ya hisabati. Wazazi wanataka alama."

"Sawa," nikasema.

Nilibeba brashi na makopo ya rangi hadi nyumbani, nikayapanga chini ya kitanda. Nilingoja hasira ije. Nilipika, nikala, nikaosha vyombo, bado haikuja.

Nikafundisha hisabati. Ijumaa, baada ya masomo, niliketi nyuma ya jiko la shule na ndoo ya udongo. Sikumwita mtoto yeyote. Wiki nyingine walijaa, wiki nyingine nilikaa peke yangu. Sikutoa alama, wala sikumwambia mtu kazi yake ni nzuri. Niliuliza tu ni nini, na asiyetaka kujibu nikamwacha.

Nilifanya hivyo hadi nikastaafu. Siku ya kuniaga, mwalimu mkuu mpya alisimama mbele ya wazazi, akasifu sana matokeo yangu ya hisabati. Watu wakapiga makofi. Wakanifunika mabegani blanketi jipya, zito, zawadi ya kuniaga. Nikashukuru, nikaketi, nikala wali pamoja na wengine.