Pombe Gani, Shemeji?

Kanisa la kambini lilinukia polishi ya viatu. Kasese ni mji wa joto, na chini ya yale mabati, ilipofika saa nne ya asubuhi ya Jumapili, polishi nyeusi ya askari wote wale ilikuwa imeanza kulainika na kuchanganyika na jasho, mafuta ya kujipaka ya akina mama, na vumbi la waliotembea kwa miguu kutoka vijijini. Mpaka leo nikimwona mng'arisha viatu mtaani Kampala, navuka barabara. Wapo wanaoandika kwamba utoto wao ulinukia mkate na mvua ya kwanza. Wangu ulinukia hivyo, na sioni sababu ya kuupamba.

Baba alikuwa sajini, Mwacholi aliyehamishiwa Kasese kabla sijazaliwa, akamwoa mama, Mkonzo wa Bwera. Nyumbani tulimwita afande, na hakuwahi kutukataza. Nilipokuwa na miaka tisa nilipewa kazi ya kupiga pasi shati lake la gwaride. Cheche ikaruka kutoka kwenye pasi ya mkaa, ikaacha tundu mfukoni, dogo kama punje ya mahindi. Ilikuwa saa kumi alasiri, jua kali, majirani wakitwanga karanga nje. Baba alilitazama lile tundu. Akavua shati alilokuwa amevaa, akalitundika kwenye msumari, akalinyoosha mabega. Ndipo akafungua mkanda. Chuma cha mkanda kilinipata juu ya sikio la kushoto, na sikio hilo halijasikia vizuri tangu siku ile. Alipomaliza alivaa shati lake, akaomba chai nyingine. Alikuwa amekunywa kikombe kimoja kabla. Pombe hakuwahi kuinywa maishani mwake. Aliwadharau wanaokunywa, akisema hawawezi hata kufunga kamba za viatu.

Mwaka uliofuata akaokoka kwenye mkutano wa injili uwanjani. Machozi yake siyabishii, niliyaona. Lakini katika ushirika wetu aliyeokoka hutoa ushuhuda, na ushuhuda ulikuwa na umbo lake: kwanza giza, kisha nuru, kisha wimbo. Giza la karibu kila mwanamume lilikuwa pombe. Baba aliwasikiliza wenzake kwa majuma matatu, mgongo umenyooka, kama anayejifunza silaha mpya. Zamu yake ilipofika alisema, "Mimi ilikuwa mlevi. Pombe ilinifanya mnyama. Nikapiga mtoto yangu mpaka sikio ikaharibika. Masika, simama. Geuka, watu waone."

Nikasimama, nikageuka. Watu wakaimba. Mama mmoja mnene akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi, akaninong'oneza nimshukuru Yesu kwa kunirudishia baba. Alininong'oneza kwenye sikio bovu, na ilibidi arudie. Ikawa hivyo karibu kila Jumapili, maana ushuhuda wa baba ulipendwa, na wageni walipokuja mchungaji alimwita autoe tena. Kila mara chupa za waragi katika hadithi yake ziliongezeka, na kila mara nilisimama. Watoto wa kambini wakaacha kuniita Masika. Waliniita Ushuhuda.

"Ushuhuda, geuka, tuone."

"Mpigeni na lile la kulia, baba yake apate ushuhuda wa pili."

Waliangua kicheko, na lazima nikiri kwamba huyu wa pili alikuwa mchekeshaji. Siku moja nilimkuta baba akisugua viatu mlangoni, nikamwambia, "Afande, wewe hunywi pombe." Hakuinua kichwa. Alitemea mate kwenye ncha ya kiatu, akasugua mpaka ikang'aa. "Watu naelewa pombe," alisema. "Ile ingine hawaelewi."

Nilikuwa na miaka kumi, na nilielewa vizuri sana. Nilikuwa nimepigwa na mtu mmoja, na sasa nilitakiwa kumsamehe mwingine.

Likizo ilipofika mama alinipeleka Bwera kwa dada yake mkubwa. Mama mkubwa aliuza mafuta ya mawese kwenye soko la mpakani, na kwa kuwa Kikonzo changu cha kambini kilikuwa kibovu, alizungumza nami Kiswahili cha wateja wake Wakongo. Naye alikuwa mlokole. Wanawake wa ushirika wake walikutana uani kwake kila Alhamisi mchana, wakikalia magunia ya kahawa, na Alhamisi moja walimleta mwinjilisti mwenye suti na mkoba aliyefundisha uponyaji wa kumbukumbu. Kila mmoja aliandika kwenye karatasi jambo linalomuuma, akaikunja, akaitumbukiza katika debe la moto. Tukiondoka pale, alituahidi, maumivu yatabaki kwenye majivu. Wanawake walilia, moshi ukatuingia machoni, na sikuweza kujua nani analia kwa lipi. Mimi niliandika maneno manne: Baba hakuwa amekunywa pombe. Kisha nikashindwa kuachia karatasi.

"Achilia, binti," mwinjilisti alisema. "Unamzuia Roho."

Mama mkubwa alinyoosha mkono, akaichukua, akaisoma polepole huku midomo yake ikicheza.

"Hii iko kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Hata kidogo hakukunywa?"

"Alikunywa chai."

Alikunja ile karatasi, akaisukuma ndani ya sidiria, mahali alipoweka pesa za sokoni. "Hii hatuchome," alimwambia mwinjilisti. Yule akaanza kueleza kwamba uchungu lazima uachiliwe. Mama mkubwa akamjibu kwamba uchungu ulikuwa wa mutoto, lakini uwongo ulikuwa wa mutu mukubwa, na mwenyewe hayuko hapa.

Jumapili tulikuwa Kasese. Ushirika wa kambini ulikuwa na kanuni ya zamani kwamba ndugu yeyote anaweza kumuuliza mwenzake swali mbele ya wote, ili abaki nuruni. Kwa sajini kanuni hiyo haikuwahi kutumika. Baba alisema, "Mimi ilikuwa mlevi," na kutoka upande wa wanawake mama mkubwa akasimama.

"Shemeji, ngoja kidogo. Ulikuwa unakunywa pombe gani?"

Watu wakacheka, wakidhani ni utani wa mashemeji.

"Pombe tu, mama."

"Waragi? Ama ile ya ndizi?"

"Yote."

"Na ile siku ya mutoto?"

Mtu fulani nyuma akaanzisha wimbo, wengine wakadakia. Mama mkubwa akainua kiganja. "Mungoje. Wimbo iko, haiendi popote."

Baba aliweka mikono nyuma, kama kwenye gwaride, akatazama ukuta. "Ile siku nilikunywa chai," alisema. "Nilivua shati kwanza. Nilijua damu itatoka."

Hilo sikulijua. Nilikuwa nimedhani siku zote kwamba alilivua kwa sababu ya joto.

Hakuna aliyeimba. Hakuna aliyemkumbatia baba wala mimi. Mchungaji alifunga ibada kwa sala fupi, na baba hakuitwa tena mbele ya wageni. Walijua kumpokea mlevi. Mwenye akili timamu aliyevua shati aliwatia hofu, nao wakampisha benchi zima. Mama mkubwa peke yake alikwenda kuketi kando yake. Aliniita, nikakataa. Nikatoka nje, nikasimama juani, na kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima sikuona haya ya sikio langu.

Leo kanisa lile lina vipaza sauti, na ushuhuda hurekodiwa kwa simu na kusambazwa kabla ya chakula cha mchana. Nimesoma chuo kikuu, naweza kukueleza machozi ya kila mtu aliyekuwa pale. Mimi humwambia mama mkubwa kwamba aliyeniponya, kama nimepona, ni yeye na ukaidi wake, Mungu hakuhusika. Naye hunijibu, "Mimi naogopaka maaskari tangu utoto. Nani alinisimamisha?" Swali hilo huniudhi.

Sijamsamehe baba. Yule mlevi wa Jumapili alinishinda kwa sababu hakuwahi kuwepo. Huyu wa chai yupo, amestaafu, analima mihogo, nami namchukia siku nyingi za juma. Mwezi uliopita alipiga simu, akauliza kama naweza kwenda kumwona. Zamani angesema njoo, na ningekwenda. Nilimwambia sijui.

"Sawa," alisema. "Mimi itangoja."